Binti Aliyeagwa Lakini Hakuondoka

Bwana asifiwe.

Kaeni, kaeni. Wanakwaya sogeeni kidogo, kuna akina mama wamesimama pale mlangoni na watoto mgongoni, wapeni nafasi. Neno la leo mmekwisha kusomewa, sitalirudia. Nataka niwape mfano mmoja tu, na naomba mnisikilize bila kuchungulia saa, maana mfano huu umenikaa kooni wiki tatu sasa. Nikikaa naona kiti kinanichoma, nikisimama natamani kukaa. Afadhali niuseme.

Katika usharika mmoja wa milimani aliishi mama mmoja mjane. Si huku kwetu, tulieni, msianze kuangaliana. Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mtu wa maombi kwelikweli, na alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Binti ana akili, binti ana bidii. Amemaliza kidato cha sita, matokeo yametoka, mazuri tu, naye akaomba chuo kikuu kusomea udaktari. Utaratibu mnaujua. Unaomba, unasubiri majina ya awamu ya kwanza. Ukikosa, unasubiri ya pili. Ukikosa tena, kuna ya tatu, na baada ya hapo mpaka mwakani.

Sasa sisi watu wa kanisa tuna jambo letu. Tunapenda kushukuru kabla. Mtu ameomba mvua leo, kesho anasimama hapa mbele anatoa ushuhuda kwamba Bwana ameleta mvua, na nje jua linapasua mawe. Tunaita kupokea kwa imani. Silaumu imani, nani mimi niilaumu? Ila nasema tu yaliyotokea. Jumapili moja, kabla hata awamu ya kwanza haijatoka, mama yule alisimama akashika kipaza sauti akasema, "Bwana asifiwe! Namshukuru Mungu wangu, binti yangu anakwenda chuo kikuu. Namwona daktari!"

Vigelegele! Nani angemwomba barua? Wewe ungeweza kumwambia mwenyekiti wa umoja wa wanawake, "Mama, hebu tuione barua ya chuo"? Thubutu! Kabla ibada haijaisha, akina mama wamekwisha kukaa ukumbini kupanga sherehe ya kumuaga. Baada ya wiki mbili binti akaitwa mbele, akapewa godoro, blanketi zito, ndoo mbili, pasi na kanga doti tatu. Wazee wa kanisa wakamwekea mikono kichwani. Binti amepiga magoti pale, naye anajua kwamba asubuhi hiyohiyo majina ya awamu ya kwanza yalitoka na lake halimo.

Awamu ya pili, halimo. Mama akamwambia, "Usihofu mwanangu. Yona alikaa siku tatu tumboni mwa samaki. Ya tatu ndiyo yetu."

Ya tatu ikatoka. Halimo.

Hapo niwaulize, wapendwa. Ungekuwa wewe ni mama yule, ungefanya nini? Rahisi kusema, "Ningesimama Jumapili nikawaambia ukweli." Ungesimama? Mbele ya watu waliotoa blanketi? Siku ya safari imekwisha kutangazwa, wimbo wa kumsindikiza umekwisha kufanyiwa mazoezi. Maji ameyavulia nguo. Basi Jumamosi asubuhi akina mama wakamsindikiza binti mpaka stendi, wanaimba, wanacheza, mmoja ametangulia na mwavuli. Mama akasema godoro na ndoo vitafuata baadaye kwa lori. Binti akapanda basi na begi lake dogo, kwa sababu kupanda lile basi kulikuwa kwepesi kuliko kufungua mdomo.

Akashuka kituo cha tatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo ilikuwa fupi kupita kiasi. Akakaa barazani kwenye duka moja kutwa nzima anajifanya anamsubiri mtu. Mvua kubwa ya jioni ilipoanza, watu wote wakakimbilia ndani, yeye akarudi kwa miguu akipita mashamba ya chai, akaingia kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa jikoni.

"Umerudi?"

"Kwani nilikuwa naenda wapi, mama?"

Mama akampa nguo kavu, akampa uji, kisha akafunga mlango wa nyuma kwa komeo. Akasema, "Ni mpaka mwakani tu, mwanangu. Utaomba tena, utapata, utaondoka kweli, na hakuna atakayejua. Mwaka ni kitu gani?"

Mwaka ni kitu gani! Mnisikilize, vijana. Sisi wenye mvi tukisema mwaka tunaona kama kupepesa jicho. Kwa mtoto wa miaka ishirini, mwaka wa kukaa bila kujua umekaa kwa ajili ya nini ni mrefu kuliko jangwa la wana wa Israeli. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule. Ua ni wa matete, jirani akipiga chafya unamwitikia. Kwa hiyo binti hakutoka. Mchana kutwa mama aliacha redio inaongea ili nyayo zisisikike. Binti alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, hatua kumi na moja, akageuka, hatua kumi na moja, mpaka saruji pale katikati ikaanza kung'aa. Alifungua madaftari yake ya baiolojia, maneno yakakataa kuingia. Alichukua simu akawatazama wenzake waliopata, wamevaa makoti meupe, wanacheka. Akaisukumia simu chini ya mto. Dakika mbili haziishi anaitafuta tena. Alichambua maharage ambayo mama alikwisha kuyachambua. Alifuma kofia, akaifumua, akaifuma.

Na sikia ajabu hii. Binti huyu shuleni alikuwa hapendi jembe. Ukimwambia shamba, kichwa kinamuuma. Sasa anakaa ndani anasikia majirani wanalima ng'ambo ya ua, jembe linaingia ardhini, watu wanataniana, naye anaumia mikono kwa hamu ya kulima. Angelima hata shamba la adui yake, mradi awe nje, mradi jasho limtoke. Alimwambia mama, "Mama, nitaugua humu ndani." Mama akajibu, "Vumilia." Mama naye alikuwa hali vizuri, amekonda. Kumficha mtu ni kazi ngumu kuliko kumlea.

Huku nje watu wanauliza. Na sisi kuuliza tunajua! "Daktari wetu anaendeleaje?" Mama anajibu, "Anaendelea vizuri, wameanza mambo ya mifupa." "Anakula vizuri huko?" "Anakula." Wakampachika jina, wakamwita Mama Daktari. Mara ya kwanza aliona aibu. Mara ya kumi aliitika kabla hujamaliza kutamka.

Halafu uongo ukazaa. Asubuhi moja mama mmoja wa umoja wa wanawake akaja, miguu imevimba. "Mama Daktari, hebu mpigie mtoto simu, atuambie ni nini." Mama afanyeje? Akasema, "Ngoja niingie chumbani, ndiko mtandao unakamata." Akaingia, akamnong'oneza binti. Binti akafikiri, akanong'ona, "Mwambie apunguze chumvi, akikaa ainue miguu, na aende akapimwe presha." Mama akatoka na majibu. Yule mama akapunguza chumvi, akainua miguu, ile ya kupima presha akaisahau, na uvimbe ukapungua. Unadhani alinyamaza? Ndani ya wiki mbili, kibaraza cha mama yule kimekuwa zahanati. Mwenye kikohozi yumo, mwenye kiungulia yumo. Mmoja akasema, "Ajabu, kwako mtandao unakamata chumbani, sisi mpaka tupande kule juu makaburini." Wakacheka, wakamsifu Mungu kwa minara ya simu.

Binti hakucheka. Usiku hapati usingizi, mchana hatulii. "Mama, mimi si daktari. Hii ni baiolojia ya kidato cha sita."

"Mbona wanapona?"

"Siku atakapokuja mtu asiyepona?"

Mama akasema Mungu atasaidia.

Siku hiyo ikafika, wiki ya tisa, siku ya Jumatano. Alikuja jirani wa ng'ambo ya ua, mama kijana, amebeba mtoto wa miezi saba. Mtoto anaharisha na kutapika tangu juzi. "Mama Daktari, mpigie. Zahanati ni mbali na mvua hii, nimeona nianzie kwako." Mama akaingia chumbani. Binti alikuwa amekwisha kusikia kila kitu, amesimama nyuma ya pazia.

"Muulize ananyonya?"

Mama akatoka, akauliza, akarudi. "Tangu asubuhi hanyonyi."

"Mwambie aguse utosini. Umebonyea?"

Akatoka, akarudi. "Umeingia ndani kabisa. Na macho yameingia."

"Mama, mwambie akimbie zahanati sasa hivi! Asisubiri hata kidogo!"

Mama akatoka, akasema. Binti anasikiliza nyuma ya pazia. Anamsikia jirani akijibu, "Jamani, na mvua hii? Mwulize kama kuna majani ya kumchemshia kwanza, nikiona haponi niende kesho. Yeye si daktari wetu? Wale manesi wa zahanati wana maneno makali, mimi namwamini yeye."

Namwamini yeye! Mnaona tulipofika? Mama mwenye mtoto anayekauka mikononi amekaa kibarazani anamsubiri daktari ambaye hayupo. Na yule asiye daktari yuko hatua kumi na moja kutoka pale, anajua kwamba kesho mtoto hayupo. Akitoka, mama yake ameumbuka mbele ya usharika mzima. Asipotoka, mtoto anakufa kwa ajili ya jina la nyumba. Ningependa kuwaambia hakusita. Alisita, wapendwa. Alishika pazia akaliachia, akalishika akaliachia. Mama yake alirudi ndani, akamwona anavyohangaika, akamshika mkono. "Usitoke, mwanangu. Nakuomba. Nitamshawishi." Binti akamtazama akasema, "Mama, nimechoka kuwa hai kwa kunong'ona." Akautoa mkono wa mama, polepole, kwa heshima, akafungua mlango wa mbele.

Peku, kanga moja, nywele hazijasukwa miezi miwili. Jirani alipomwona alipiga kelele akidhani ni mzuka. Binti hakumpa nafasi ya kuuliza. "Dada, mimi sikwenda chuo. Sikuchaguliwa. Kila nililokwambia lilitoka kwenye madaftari ya shule. Sijui kumtibu mtoto wako, ila najua anakufa. Nipe nimbebe, twende."

Wakakimbia. Njia ya kwenda zahanati inapita sokoni, inapita kwenye mashine ya kusaga, inapita mbele ya kanisa. Jumatano ni siku ya gulio. Watu wote waliomwimbia stendi walikuwapo, wamejibanza kwenye mabati kwa sababu ya mvua, na wote walimwona daktari wao anapita peku kwenye matope amebeba mtoto wa watu. Nani aliyesogea kusaidia? Hakuna. Tulikuwa tunashangaa. Samahani, nimesema tulikuwa. Walikuwa.

Zahanati kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima, mwenzake yuko likizo, na ilikuwa siku ya kliniki, akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Akamwona mtoto, akaacha vyote. Maji ya chumvichumvi kwa kijiko, kisha dripu. Huku anafanya kazi anauliza, "Wewe ni nani wa mtoto?"

"Jirani."

"Unasoma?"

Binti akaanza kulia, yote yakamtoka, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, sherehe, basi, chumbani. Muuguzi anamsikiliza nusu, anatazama mshipa wa mtoto. Alipomaliza, muuguzi akasema, "Umekosa chuo? Pole. Mizani unajua kuisoma?"

"Najua."

"Basi nawa mikono, uanze na yule wa mwisho wa benchi. Unaandika kilo kwenye kadi, unaniita ukiona ameshuka."

Hayo ndiyo mahubiri yote ya muuguzi yule. Hakumwambia Mungu ana mpango wake. Hakumwambia subira yavuta heri. Alimpa mizani. Binti akanawa mikono, akaanza kuwatundika watoto mmoja mmoja, na kufikia saa tisa alikuwa amepima watoto thelathini na nane, na kwa mara ya kwanza tangu majina yatoke hakuwa ameikumbuka simu. Jioni mtoto wa jirani alilia kwa sauti kubwa, akatafuta ziwa. Mama wa mtoto akamkumbatia binti.

Kesho yake binti akarudi zahanati. Na kesho kutwa. Alijifunza kuhifadhi chanjo kwenye jokofu, alijifunza kuwaambia wazee habari mbaya bila kuwapigia kelele. Aliona kadi za watoto ambao hawakurudi kwa chanjo ya pili, akazichukua, akaanza kupanda vilima kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Yule aliyekuwa akitembea hatua kumi na moja sasa anatembea mpaka viatu vinaachama. Jembe pia alilishika, asubuhi kabla ya kwenda. Wala sisemi alikuwa na amani, hapana. Akipita mtu na kusema neno chuo, anageuza uso. Lakini alikuwa ananyanyuka asubuhi anajua wapi anahitajika.

Sasa usharika ulifanya nini? Hapa ndipo penyewe. Mtoto amepona, ukweli umetoka, mama ameomba radhi mbele ya wazee. Mnadhani walifanya nini? Umoja wa wanawake wakakaa kikao. Wakatuma wajumbe watatu. Wajumbe wakafika, wakasalimia vizuri, wakakataa chai, wakasema, "Mwenzetu, tumekuja kwa ajili ya godoro. Lile lilitolewa kwa mwanafunzi."

Mnacheka. Chekeni. Walilibeba kichwani, wakapita nalo mchana kweupe. Na kila mara binti anapokutana na mtu njiani na kadi zake za chanjo mkononi, mtu hamwulizi, "Leo umewapata wangapi?" Anamwuliza, "He, bado upo?" Anamwuliza, "Unaondoka lini?" Bado upo! Kana kwamba kuwapo ni kosa. Siku moja baada ya kuulizwa hivyo mara nne kati ya nyumbani na zahanati, aligeuka, akarudi, akaingia ndani, akafunga mlango mwenyewe. Safari hii mama hakumwomba. Alikaa humo siku mbili. Aliyemtoa ni yule jirani, ambaye alisimama kibarazani na mtoto wake mnene akagonga mpaka mkono ukamwuma. Akasema, "Sikuja kwa daktari. Nimekuja kwa jirani. Leo ni siku ya mtoto wangu kupimwa na sitaki apimwe na mtu mwingine." Binti akatoka.

Najua mnachongoja. Mnataka nimalize kwa kusema kwamba mwaka uliofuata alichaguliwa, akawa daktari bingwa, akajenga hospitali palepale, na wale waliochukua godoro wakalazwa humo. Tunazipenda hadithi hizo. Sitawapa. Mfano wangu unaishia akiwa kwenye mizani, ameomba tena, na majibu hayajatoka. Huenda akapata. Huenda akakosa. Na siku ile mtoto wa jirani alipopona, alikuwa amekosa vilevile.

Basi niwaulize la mwisho. Nani alimfungia binti yule? Mtasema mama. Komeo lilikuwa mkononi mwa mama, kweli. Lakini mama alimwogopa nani? Aliogopa vigelegele vyetu vinapogeuka. Sisi tunajua kumsindikiza anayeondoka, tuna nyimbo kumi na mbili za kumsindikiza. Wimbo wa kumpokea aliyebaki tunao hata mmoja? Kila mwaka tunawaita mbele walio vyuoni, wanasimama, tunawaombea. Mliowahi kukaa kwenye benchi wakati wenzenu wanasimama, mnajua benchi linavyochoma. Tunawauliza vijana wetu lini wanakwenda, hatuwaulizi leo wanafanya nini. Fundi, umewahi kumwita kijana aliyekosa chuo akushikie kamba? Mwalimu, umewahi kumwambia, njoo unisaidie darasa la tatu? Mama mwenye duka la dawa, je? Mwaka wa kijana aliyekosa haupotei kwa sababu chuo kimemkataa. Unapotea kwa sababu sisi tumemfanya aogope kuonekana akiuishi.

Nilisema mama yule si wa huku kwetu, na ni kweli, nimemtunga. Binti nimemtunga. Muuguzi nimemtunga, ingawa ningependa awepo.

Lakini mwezi wa kumi nilisimama hapa, kwenye mimbari hii, nikawaambia kwamba nimempeleka mwanangu Ambilikile chuo kikuu Morogoro. Mkapiga makofi. Mkamwimbia. Wazee wangu mkanipa mkono mmoja mmoja pale mlangoni, nami nikaupokea kila mkono.

Hakwenda. Hakuchaguliwa. Yuko kwenye nyumba ya mchungaji, hapo nyuma, hatua hamsini. Miezi minne. Wengine wenu naona mnainamisha vichwa, mlijua, mlimwona uani mkaogopa kuniaibisha. Nawalaumu nyinyi bure. Mwongo wa kwanza wa usharika huu ni mimi. Nilihubiri miaka mingi kwamba mtoto wa mwenye haki haaibiki, na mtoto wangu alipokosa kitu ambacho maelfu hukosa, nikaona heri afungiwe yeye kuliko mahubiri yangu yapungue. Yeye alisema, "Baba, nikasaidie hata kwa fundi seremala." Nikamwambia, vumilia. Mimi! Na alisema kwa kunong'ona, kwa sababu nilimfundisha kunong'ona.

Spika ile iliyofungwa nje, juu ya mlango, ndiyo kanisa lake tangu mwezi wa kumi. Amesikia kila ibada kupitia dirishani. Kwa hiyo na sasa ananisikia.

Ambilikile, mwanangu. Ni baba. Nisamehe. Vaa viatu, fungua mlango wa mbele, siyo wa nyuma, uje hapa.

Mzee wa kanisa, acha mlango wazi. Mwalimu wa kwaya, toa mkono kwenye kinanda. Hatuimbi mpaka aingie. Na akiingia, kijana wa kwanza kukaa naye amwulize kesho asubuhi anafanya nini.